Kichuguu Kando ya Mlima

Jumatatu, 9 Julai 1984

Umeme umerudi asubuhi jua likiwa juu. Mashine ya maabara ikachukua muda wake kupata moto. Nimekaa nayo kama mtu anayengoja maharage yaive.

Sindano ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Tone moja la dawa ya chumba cha mashudu. Wote hapa kiwandani wanaiita dawa. Jina lake ni heksani, na kazi yake ni kuosha mashudu ya pamba yaliyokwisha kukamuliwa, ili mafuta yaliyong'ang'ania yatoke. Tone likiingia kwenye mashine, gesi inalisukuma ndani ya bomba jembamba lililojikunja. Kila kitu kilichomo kinatoka kwa zamu yake, na kalamu inachora mlima. Kitu kimoja, mlima mmoja. Heksani safi ni mlima mmoja tu, na baada yake karatasi ni tambarare mpaka mwisho.

Leo kando ya mlima kuna kichuguu. Kidogo. Nimerudia. Kipo. Nimeosha sindano nikarudia. Kipo.

Mwezi wa kwanza, tulipokuwa na mapipa ya zamani, hakikuwepo. Sijapenda.

Jumatano, 11 Julai

Nimekijua.

Mashine ilipoletwa na wafadhili, ilikuja na sanduku la vichupa vya kulinganishia, kila kimoja na kitu chake. Nimejaribu kimoja baada ya kingine. Kichuguu kinasimama palepale inaposimama benzeni. Nimeweka karatasi mbili moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Palepale.

Nimetafuta kitabu changu cha chuo. Nilikuwa nakumbuka, nilitaka tu niwe nimekosea. Sikukosea. Benzeni inaingia kwa pumzi na kwa ngozi. Inakwenda kwenye uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na inaua kiwanda chenyewe. Mtu anapauka. Anavuja damu kwenye fizi. Kikohozi cha kawaida kinamlaza.

Mapipa haya mapya yaliletwa wakati wa Kwaresima. Hayana chapa. Aliyeyauza hakuna anayetaka kumtaja. Watu wa mashudu wanayapenda kuliko yale ya zamani. Wanayaita matamu, kwa sababu ya harufu. Sabuni haionekani dukani tangu mwaka jana, na dawa hii inatoa mafuta mikononi kuliko sabuni. Wakitoka zamu wanaichota kwa kopo, wanaosha mikono hadi kwenye viwiko, wengine na ovaroli, kisha wanakwenda kula ugali.

Msimamizi wa zamu ya asubuhi ni kaka yangu Petro.

Jumamosi, 14 Julai

Nimekwenda kwa kaka. Kabula binti yake akanipokea mlangoni na shikamoo shangazi, akanivuta nione kitambaa cha gauni lake. Cheupe. Komunyo ya kwanza ni sikukuu ya Bikira Maria mwezi ujao, na wifi ameazima cherehani ya jirani.

Kaka amekonda. Nilikuwa namwona kila siku na sikuwa nimeona. Weupe wa macho yake umekuwa weupe kabisa. Mkononi ana alama ya bluu kubwa, anasema hakumbuki alipojigonga. Akipiga mswaki anatema damu.

Nimemwambia yote. Mapipa, kichuguu, uboho. Akacheka, akasema Mama Maabara naye sasa amekuwa mganga. Akasema hiyo dawa ingekuwa mbaya isingenukia vizuri. Nikamwambia angalau asioshee mikono. Akauliza aoshee nini, mate?

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeandika hivyo kwa hasira. Nimejaribu kuifuta lakini wino umekataa kutoka.

Jumanne, 17 Julai

Meneja. Nimempelekea karatasi zangu ofisini. Akaziangalia muda mrefu, si mjinga. Akasema sindano ni chafu. Nikasema nimeiosha. Akauliza umeiosha na nini. Nimeiosha na dawa ileile ya pipa, maana safi niliyo nayo ni kidogo. Hapo alinishika.

Si mtu mbaya. Ni mtu mwoga, na mwoga mwenye kiti ni mzito kumsogeza. Akisimamisha mapipa kiwanda kinasimama, na pamba ya mwaka huu imeanza kuingia. Wakulima wameshapakia magari. Mapipa mengine hayapo nchini, au yapo na fedha za kigeni hazipo. Akasema mkaguzi kutoka Mwanza anakuja mwezi ujao. Nionyeshe mbele yake. Nikionyesha, basi atamhamisha kila mtu wa mashudu na kufunga chumba. Ameahidi mbele ya katibu muhtasi wake.

Ninacho cha kuonyeshea. Ndani ya kabati kuna chupa ya kahawia ya heksani safi, ilikuja na mashine, iliyobaki haifiki nusu. Nitaosha sindano kwa hiyo. Nitachoma sindano ya hiyo kwanza: mlima peke yake. Kisha pipa: mlima na kichuguu. Hata mtoto ataona.

Taabu ni gesi. Mtungi niliofunga ndio wa mwisho na mshale umelala karibu na sifuri. Dar es Salaam wanajibu kila barua kwa maneno yaleyale. Kuanzia leo sitawasha mashine. Nitaitunza gesi kwa siku hiyo moja.

Ijumaa, 20 Julai

Nimekaa maabara bila kazi. Nimefuta vumbi. Kaka amepita akaniona nimeiweka ile chupa ya kahawia mezani naipangusa kama sanamu ya mtakatifu. Akauliza ina nini. Nikamweleza: hiyo ndiyo dawa yenyewe, safi, haina kitu kingine. Nikalalamika kwamba imebaki kidogo na sijui nitapata wapi nyingine. Akasema pole.

Jumapili, 29 Julai

Naandika Ushirombo. Mama anaumwa miguu, nimeomba ruhusa. Basi lilikwama Masumbwe, tukalala hapo ndani ya gari.

Mama amezeeka. Nilimletea sukari kwenye kopo la maziwa, nusu tu, ndiyo niliyopata. Alifurahi kama mtoto. Amenirudishia kopo limejaa asali mpaka kwenye ukingo. Nikamwambia ni nyingi, abaki nayo. Akanitazama kama anatazama mtu aliyelelewa porini. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, wala hakirudi na upungufu. Alitupiga kwa ajili hiyo, mimi na Petro, siku tulipomrudishia jirani bakuli lake tupu. Naukumbuka ule mwiko wa ugali.

Ameuliza Petro hajambo. Nikasema hajambo.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimerudi. Kaka alianguka kazini Alhamisi. Wamempeleka hospitali, wamempa dawa za malaria, wamemrudisha nyumbani. Daktari kijana amesema damu ni kidogo na ale mchicha. Nikamfuata, nikamweleza habari ya mapipa. Akanisikiliza vizuri. Akasema kama ni hivyo aondolewe kazini leo. Nikamwomba aandike. Akasema hawezi kuandika sababu asiyoiona, nimletee kipimo cha dawa yenyewe, ataandika siku hiyohiyo.

Kila njia inarudi kwenye mashine yangu.

Upande wa wifi wanasema ametupiwa kitu na mtu aliyetaka usimamizi. Nikasema kweli ametupiwa, na waliomtupia walimletea kwa pipa. Hawakucheka.

Gauni la Kabula limekwisha. Wifi alinieleza jinsi cherehani ilivyolidondoshea mafuta kifuani siku ya mwisho, doa jeusi, akalia. Sasa halionekani. Jeupe pee. Angalau kimoja kimekwenda sawa katika nyumba ile.

Kaka amerudi kazini. Anasema akikaa nyumbani atakufa kwa mawazo.

Alhamisi, 9 Agosti

Kesho. Nimefungua mtungi kidogo nikafunga. Gesi ipo, ya sindano mbili, labda tatu. Nimepiga pasi koti.

Naogopa, lakini ni woga mzuri. Nimesali kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Ijumaa, 10 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walikuja saa nne. Meneja, mkaguzi, mhasibu ambaye hakualikwa, na watu wa mashudu wakichungulia dirishani. Kaka alikuwa mbele yao. Umeme ulikuwepo. Kila kitu kilikuwepo.

Niliosha sindano kwa chupa ya kahawia, nikamwaga, nikaosha tena, nikamwaga, mkaguzi akiangalia. Nikaeleza nitakachofanya. Nikachoma ile safi. Kalamu ikapanda mlima, ikashuka. Nikasema mtaona sasa itakwenda tambarare.

Ikapanda kichuguu.

Palepale. Kidogo kuliko cha mapipa, lakini palepale.

Nilichoma ya pipa. Mlima na kichuguu. Karatasi mbili zikalala mezani kama watoto wa mama mmoja. Nikajaza sindano ya tatu na mshale ukagonga sifuri. Ule moto mdogo ndani ya mashine ukazimika, pu. Kalamu ikachora mstari mmoja mnyoofu, na huo ndio ulikuwa tambarare pekee wa siku ya leo.

Mkaguzi alikuwa mpole, na hiyo iliniumiza zaidi. Alisema mashine zinachoka kama watu. Aliandika kwamba kifaa ni kichafu na matokeo hayaaminiki. Nikaonyesha karatasi ya mwezi wa kwanza, tambarare. Meneja akasema ndiyo, mwezi wa kwanza ilikuwa safi, tangu hapo imechafuka. Kwa alichokiona, anasema kweli.

Wale wa dirishani walitawanyika. Mmoja alisema kwa sauti kwamba wasomi bwana. Kaka alibaki dirishani. Aliniinulia mkono kidogo, kama kusema usijali.

Jumamosi, 11 Agosti

Sielewi. Mashine haikuwa imewashwa tangu mwezi uliopita mpaka jana. Sindano niliiosha kwa hiyohiyo safi.

Sielewi.

Jumatatu, 13 Agosti

Watu wa mashudu wananipita wakinukia. Wananisalimia vizuri sana. Nawachukia, kisha naona mikono yao inang'aa kwa usafi, nawahurumia. Nikisema acheni, wataniuliza mbona hata ile yako nzuri ni hiyohiyo.

Jumatano, 15 Agosti

Komunyo ya Kabula. Kanisa limejaa. Wasichana weupe kama yangeyange. Kaka alikaa ukingoni mwa benchi na leso puani muda wote wa misa, leso ikawa nyekundu, akaikunja, akageuza upande mwingine.

Baada ya misa tulikula kwake. Wali, kuku mmoja kwa watu wote. Nilimsifu Kabula gauni. Wifi akasema shukrani ni kwako wewe, wifi yangu, bila dawa yako mtoto angevaa doa. Nikauliza dawa yangu ipi. Akamtazama mumewe.

Kaka akacheka kile kicheko chake cha kushikwa na kosa dogo. Akasema, "Ulikuwa Ushirombo, Moni. Wifi yako analia, doa limekataa. Nikakumbuka ulivyoniambia ile ya chupa ndiyo safi kabisa. Nikasema kwa nguo ya Mungu si vizuri kutumia ya pipa."

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Akaendelea, "Nilichukua kidogo tu. Na sikukurudishia na upungufu, mimi si mwizi. Nilikujazia pale ilipokuwa na kidogo juu yake, tena kutoka pipa tamu lililofunguliwa siku ile. Si ulikuwa unalalamika imebaki kidogo?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Kabula alikuwa na mchuzi kidevuni, amejifunga taulo shingoni asichafue gauni. Kaka alikuwa anangoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetenda vizuri na anajua.

Nikasema, "Asante, kaka."

Nimesema hivyo tu. Nilikula wali wote.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Ningeifungia kabatini kwa kufuli. Ningeichoma mara moja kabla ya siku ile, gesi ingetosha. Ningemwambia mtu yeyote mwingine duniani isipokuwa yeye kwamba imebaki kidogo.

Na yeye angekuwa mchoyo kidogo tu. Angekuwa mtu wa kuchukua na kuacha pengo, kama wenzake wote wa kiwanda hiki wanaokwapua hadi balbu za chooni. Ningeona pengo, ningeuliza, na chupa ingekuwa bado safi. Kaka yangu anakufa kwa sababu ana adabu.

Jumatatu, 20 Agosti

Kwa Meneja. Nimemweleza kisa cha chupa. Sikumtaja kaka, nikasema mtu. Akasikiliza. Nadhani aliniamini, maana aliangalia dirishani muda mrefu kuelekea kule kwenye mapipa. Kisha akauliza, gesi ipo? Nikasema haipo. Chupa nyingine safi ipo? Haipo. Akafungua mikono yote miwili juu ya meza.

Nikamwomba basi amhamishe Petro peke yake. Nikasema ni ombi la dada, si la maabara. Hilo amekubali. Petro atakaa getini kuanzia kesho, kwenye hewa safi.

Geti. Nimeshinda geti.

Jumatano, 29 Agosti

Hakukaa getini hata wiki. Amelazwa. Homa haishuki. Mdomo umejaa vidonda.

Damu yangu inalingana na yake. Nimetoa. Siku mbili alikuwa na rangi, akaomba asali ya Mama, nikamlambisha kwa kijiko. Kisha ile rangi ikaondoka tena. Daktari kijana anasema mwili unatumia unachopewa na hautengenezi chake. Najua. Nilisoma kabla yake.

Kila asubuhi nampelekea uji kwenye chupa yangu ya chai, naiacha kwa wifi, naenda kazini kukaa mbele ya mashine iliyokufa.

Ijumaa, 7 Septemba

Leo alikuwa macho. Aliuliza kama mashine imekubali. Nikasema bado. Akasema itakubali tu, wewe una subira. Akasema siku nikipata gesi nitumie ile aliyonijazia, ipo ya kutosha.

Wifi alikuwa anamkanda miguu. Ningeweza kumwambia kaka alichokijaza. Nani angefaidika? Ukweli ni wa watu wenye muda.

Nikasema nitaitumia.

Jumanne, 11 Septemba

Petro amefariki alfajiri.

Ijumaa, 14 Septemba

Tumemzika Ushirombo. Gari la kiwanda lilitubeba, Meneja alitoa na sanda. Kwenye cheti wameandika upungufu wa damu. Ni sahihi. Ni sawa na kuandika kwamba mtu aliyezama amekufa kwa maji.

Mama hakulia. Alikaa chini na miguu yake mibovu imenyooka, akawa anawaambia wageni kwamba huyu alikuwa mtoto ambaye ukimwazima kitu anakurudishia na zaidi. Alikuwa anarudia hilo kwa kila aliyekuja kumpa mkono. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko.

Jumanne, 18 Septemba

Kazini. Msimamizi mpya wa mashudu ni kijana wa Maganzo, amechoka kuchimba almasi asizozipata, ana furaha kubwa kupata mshahara. Nimemwita pembeni, nikamwambia asioshe mikono kwa dawa. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, mama. Jioni nimemwona na kopo.

Mapipa mengine yamefika. Hayana chapa. Nimeyanusa. Siku hizi pua yangu haihitaji mashine.

Ile chupa ya kahawia nimeimwaga nyuma ya ghala, mbali na watu. Imekauka haraka. Karatasi zangu nimezifungia kabatini. Barua ya gesi nimeiandika tena, maneno yaleyale, tarehe mpya.

Jumapili, 23 Septemba

Nimesali misa ya kwanza ya asubuhi. Nimefua. Upepo wa vumbi, nimefua tena.

Mchana Kabula amekuja peke yake. Shikamoo, shangazi. Ametumwa na mama yake kurudisha chupa ya chai niliyokuwa napelekea uji hospitalini. Nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa nzito mkononi. Maziwa, mpaka kwenye kizibo, bado ya moto. Sijui wameyapata wapi. Kwao hakuna ng'ombe.

Nilitaka kusema arudi nayo, wanywe wao. Mtoto alikuwa ananitazama aone kama ameifikisha vizuri.

Nikasema asante, mwanangu, mwambie mama asante. Akaondoka akirukaruka.

Nimeyanywa yote. Chupa nimeiosha kwa maji, nimeiweka dirishani ikauke.